Usawa wa Matibabu Katika Nchi ya Ngamia

Msafiri aondokaye Isiolo kwa lori kwenda kaskazini-mashariki hupita Modogashe, kisha Wajir, na kabla ya kuona visima vya Elwak hufika mahali paitwapo Kutulo. Mahali hapo ni mpakani mwa kaunti mbili, Wajir na Mandera, na mpaka wenyewe umebishaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha za kutengeneza sehemu kubwa ya njia hiyo, lakini kwa muda mrefu imekuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Gari likikwama huko, hukwama na kila kilichomo, awe ni mbuzi wa kuuzwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Twataja jambo hili la mama kwa makusudi, maana ndilo kiini cha makala haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki hiyo ni moja kwa mkulima wa Nyeri na kwa mfugaji wa Kutulo. Je, ili kuwatendea sawa, yatosha kumjengea kila mmoja zahanati ya namna moja?

Mkulima wa chai atalielewa swali hili upesi. Yeye habebi majani yake mpaka kiwandani. Huyapeleka kwenye kituo cha kununulia kilicho karibu, na lori huja. Mpango huo ulitungwa kwa kumtazama yeye, shamba lake na mgongo wake. Zahanati ya ukoo wa wakulima nayo hufaa kwa kuwa nyumba hazihami: mtoto aliyechanjwa mwezi huu atapatikana mwezi ujao mahali pale pale. Lakini katika Garissa, Wajir na Mandera, nchi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 127,000, hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu wapatao 2,490,000, na wengi wao huishi kwa mifugo. Mvua ikinyesha mbali, mji mzima huvunjwa, miti na mikeka ya nyumba hupakiwa juu ya ngamia, na jengo la zahanati hubaki na mlinzi wake.

Tofauti hii haikuletwa na jua peke yake. Sheria ya mwaka 1926 ya wilaya za mbali iliifanya nchi hiyo iliyoitwa Northern Frontier District kuwa mahali pasipoingiwa bila kibali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikawapa maofisa mamlaka ya pekee juu ya wenyeji. Baada ya Uhuru vikaja vita vya shifta hadi mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa kabisa mpaka 1991. Zaidi ya hayo, Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua na njia, ambapo faida itapatikana upesi. Kwa mwenye kupanga bajeti shauri hilo lilionekana la busara. Kwa mgonjwa wa Kutulo lilikuwa na maana ya kungoja.

Hata hivyo, ni katika nchi hiyo hiyo ya kungoja ambapo ulimwengu ulipata somo kubwa la udaktari, na inasikitisha kwamba Wakenya wengi hawalijui. Ugonjwa wa kifua kikuu uliwaua wafugaji wengi, tena ulikuwa ugonjwa wa aibu, watu wakiuficha. Dawa zilikuwapo, lakini matibabu yalichukua miezi 12 hata 18. Ni mfugaji gani awezaye kulala kitandani mwaka mzima ilhali ngamia wake wanafuata majani? Mgonjwa alipoona nafuu aliondoka, na kifua kikuu kilichotibiwa nusu hurudi kikiwa kikali zaidi, na vidudu vyake huwa vimekwisha kuizoea dawa. Wenye hospitali walisema kwamba watu hawa ni wakaidi.

Bibi Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuja Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu na kuishi Wajir, hakuliona jambo hilo kwa jicho la ukaidi. Mwaka 1976 alipewa dhamana ya kazi ya majaribio ya Shirika la Afya Duniani ya kuwatibu wafugaji kifua kikuu. Yeye na wenzake waliwaalika wagonjwa waje na nyumba zao wenyewe, wazijenge kwa desturi yao karibu na kituo, nao wakae hapo mpaka wapone. Pakaitwa Manyatta ya kifua kikuu. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mtumishi, na kwa kutumia dawa zenye nguvu zaidi muda ulipunguzwa hadi miezi sita. Wagonjwa wakakaa, wakapona. Manyatta za namna hiyo zikaanzishwa katika wilaya nyingine za wafugaji, na desturi ya mgonjwa kumeza dawa huku akitazamwa ikaja kuwa mpango wa Shirika la Afya kwa ulimwengu mzima. Bibi Tonelli aliondolewa Kenya baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Aliendelea na kazi yake kwa Wasomali wa ng'ambo ya mpaka, na akauawa Borama tarehe 5 Oktoba 2003.

Watu waliokuja Manyatta ndio wale wale walioitwa wakaidi. Kilichobadilika ni hospitali.

Sasa tumrudie mama. Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilitangaza, kwa kutumia hesabu ya mwaka 2009, kwamba Mandera walikufa kina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, hali wastani wa Kenya haukufika 500. Takwimu za namna hiyo hazikosi kasoro, na zile zilizotokana na hesabu ya mwaka 2019 zilikuwa nafuu zaidi: nchi nzima 355, ingawa Garissa ilizidi 600. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kuzaa yaweza kumwua mwanamke kwa muda wa saa mbili. Kwa saa mbili mtu wa Kutulo hafiki Wajir hata kama gari liko mlangoni, na mara nyingi gari haliko mlangoni.

Kwa nini basi asiletwe karibu kabla ya siku yake, kama walivyoletwa wagonjwa wa kifua? Katika hospitali ya Attat nchini Ethiopia, tangu miaka ya 1970, kina mama wenye hatari hupewa mahali pa kukaa uani majuma ya mwisho ya mimba, nao wamefariki wachache sana kuliko wale walioletwa uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Nyumba kama hizo hazihitaji saruji nyingi. Zahitaji maji, chakula, mahali pa watoto wadogo waliofuatana na mama yao, na mkunga ajuaye Kisomali. Twaongeza kwamba mume naye ashauriwe mapema, kwa maana ruhusa ya safari mara nyingi hutoka kwake au kwa mama mkwe.

Asiwepo msomaji wa bara au wa pwani asemaye kuwa hayo ni ya huko. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka huo huo ugonjwa ulikuwa umevuka ukaingia kaskazini-mashariki ya Kenya. Mwaka 2013 polio ilizuka Somalia, na mwezi Mei ikaonekana Dadaab. Watoto wa mahali pengi nchini wakachanjwa upya.

Ama watumishi, shida ni kubwa. Baada ya mauaji ya Mandera ya Novemba na Desemba 2014 watumishi wengi wa afya kutoka sehemu nyingine walikimbia, na Aprili 2019 madaktari wawili Wakuba walitekwa mjini humo. Hatuwezi kuwalaumu waliondoka. Dawa yake ni kuwasomesha vijana wa hapo hapo, na vyuo vya uganga vya Garissa na Mandera vyafanya hivyo, ila wasichana wanaomaliza sekondari bado ni wachache.

Kuhusu fedha, Katiba iliweka Mfuko wa Usawazishaji, yaani senti 50 katika kila shilingi 100 za mapato ya Serikali kuu, kwa maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizoachwa nyuma. Mfuko huo una umri wa miaka 20 tu isipokuwa Bunge liuongeze, na fedha zake zimetoka kwa kuchelewa sana. Tena, tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya humtaka mtu ajiandikishe kwa kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa mpakani walisailiwa na wazee na maofisa kabla ya kukipata, mpaka Rais alipotangaza huko Wajir, Februari 2025, kwamba desturi hiyo imeondolewa. Makarani wa Kutulo na Elwak wanaosoma haya wanaweza kufanya kazi kubwa kwa kuchukua madaftari yao mpaka kisimani, siku ya kunyweshea ngamia, kabla mvua hazijawatawanya watu.