Je, Wajua? Shoka, Ng'ombe na Shimo Lililoachwa Wazi

Je, wajua kwamba Torati ina sheria inayohusu shoka lililochomoka kwenye mpini? Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19. Watu wawili wamekwenda msituni kukata miti. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka, kinampata mwenzake, naye anakufa. Kasikeu, Ukambani, ambako shoka na panga ni vyombo vya kila siku, hakuna atakayeuliza kama jambo hilo linawezekana.

Aliyeua hivyo hakuhesabiwa kuwa mwuaji. Alitengewa mji wa kukimbilia kabla jamaa ya marehemu hawajamfikia kulipiza damu. Miji hiyo ilikuwa sita: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, Beseri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Mgeni naye aliruhusiwa kukimbilia humo. Hata hivyo, kuingia mjini hakukumaliza kesi. Mkutano wa watu ulikaa na kuuliza: kulikuwa na chuki kati yao? Alimvizia? Alishika nini mkononi, chuma, jiwe au rungu? Na ushahidi wa mtu mmoja haukutosha kumwua mshtakiwa. Aliyethibitika kuwa alikusudia, hata madhabahu haikumkinga. Yoabu, jemadari wa Daudi, alishika pembe za madhabahu akauawa papo hapo kwa amri ya Sulemani.

Asiyekusudia naye hakurudi nyumbani kesho yake. Alikaa katika mji wa makimbilio mpaka kuhani mkuu afariki. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, unasimulia kwamba mama za makuhani wakuu waliwapelekea wakimbizi hao chakula na nguo, ili wasiombe watoto wao wafe mapema. Mishna hiyohiyo inatenganisha hata mwendo: aliyemwangukia mtu akamwua wakati akishuka ngazi anakwenda uhamishoni, aliyeanguka akipanda, haendi.

Je, wajua kwamba ng'ombe naye alishtakiwa? Hapa ndipo ninapoiheshimu sheria hii zaidi. Kutoka sura ya 21 inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, atapigwa mawe, nyama yake haitaliwa, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga watu, mwenye ng'ombe alionywa, na bado hakumfunga, basi mwenye ng'ombe mwenyewe anastahili kufa, isipokuwa atozwe fidia ya kukomboa nafsi yake. Ng'ombe ni yuleyule na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua akanyamaza. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, nazo zilimgeukia mwenye ng'ombe aliyeonywa, ila zilimtoza fedha tu, nusu mina.

Ng'ombe akiua ng'ombe wa jirani, aliye hai anauzwa na bei inagawanywa, na mzoga nao unagawanywa. Kila mmoja anabeba nusu ya hasara. Ikiwa ukali wake ulijulikana, mwenyewe analipa ng'ombe mzima. Wazee wangapi wa Ukambani wamekaa chini ya mti kusuluhisha jambo kama hilo!

Na jicho kwa jicho? Marabi hawakulichukulia kuwa amri ya kung'oa macho. Walitoza malipo ya vitu vitano: kiungo kilichoharibika, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu.

Upande wa Wakamba, damu ilifidiwa kwa ng'ombe, na mzigo haukumwangukia aliyeua peke yake; ukoo wake, mbai, ulichanga. Torati ilikataa jambo hilo kwa aliyekusudia: Hesabu sura ya 35 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa mwuaji, hata awe tajiri kiasi gani.

Je, wajua kwamba Ukambani uliwahi kutoa kesi kubwa mno ya nia? Mwaka 1932, Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69 walishtakiwa kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyeamini kuwa mchawi aliyemroga mke wa Kumwaka. Wao waliona wanailinda jamii kwa desturi ya wazee; mahakama ya kikoloni iliona mauaji ya kukusudia. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa. Sioni kosa la mahakama katika kukataa uchawi kuwa ruhusa ya kuua. Mwanamke yule hakupewa mji wa kukimbilia, wala mkutano wa kumsikiliza.

Leo Sheria ya Adhabu ya Kenya inauliza swali lilelile la zamani. Kifungu cha 203 kinataka nia ovu ithibitishwe ndipo kosa liitwe mauaji ya kukusudia. Bila nia hiyo, kifungu cha 202 kinazungumzia kuua bila kukusudia. Na dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, iwe kwenye barabara ya Mombasa pale Sultan Hamud au kwingineko, anaweza kufungwa hadi miaka 10 hata kama hakumchukia mtu yeyote.

Kutoka 21 ina shimo pia: aliyelichimba au kulifunua bila kulifunika, ng'ombe au punda akatumbukia, atamlipa mwenye mnyama. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inaongeza ukuta wa kuzunguka dari ya nyumba, mtu asianguke. Basi wewe mwenye shimo la choo lisilokamilika, kisima kisicho na mfuniko, au silanga iliyo kando ya njia ya watoto wa shule: funika, zungushia ua, kabla mvua za Novemba hazijaanza.