Vumbi Lililohama Kiwandani

Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, ni nchi ya mwinuko. Asubuhi za Juni na Julai mtu hatoki bila sweta. Ndiyo maana balo la masweta na majaketi ya mitumba halikai sana. Anayelifungua hukung'uta nguo moja moja, na kinachopaa kwenye mwanga wa jua ni vinyuzi vya akriliki na poliesta, yaani plastiki. Fundi cherehani, aliyefunga dirisha kwa sababu ya baridi, huzikata na kuzipunguza nguo hizohizo. Vinyuzi hivyo yeye huviita vumbi tu.

Vumbi la nguo halikuwa geni. Kwenye viwanda vya pamba duniani lilijulikana kwa tabia yake: kifua hubana Jumatatu, mtu akirudi kazini kutoka mapumziko. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na Mwatex ilipokuwa ikisokota kule Mwanza, vumbi hilo lilikuwa na mwenyewe. Palikuwa na meneja, orodha ya mishahara, chama cha wafanyakazi. Sisemi waliokuwamo walilindwa vizuri. Nasema palikuwa na mlango wa kubisha. Kisha viwanda vikayumba, mitumba ikafunguliwa njia miaka ya 1980, na pamba, hata ile ya Kibondo, ikazidi kwenda nje bila kusokotwa. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipanga kuiondoa mitumba. Marekani ikatishia kuwanyima wanachama AGOA, mpango wa kuuza kwake bila ushuru; Tanzania ikarudi nyuma, Rwanda ikang'ang'ana peke yake.

Kwa hiyo kilichoporomoka si ajira tu. Kazi ya nguo ilihamia barazani, na vumbi lenyewe likabadilika njiani, kutoka pamba kuwa plastiki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 humtafuta mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, hungoja michango yake. Fundi mwenye cherehani moja ni mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja. Akikohoa, amdai nani?

Mwaka 1998 madaktari wa Rhode Island, Marekani, walieleza ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi waliovuta vinyuzi vifupi vya nailoni kiwandani. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walichunguza sampuli 13 za mapafu ya watu walio hai, wakakuta chembe za plastiki katika 11. Zilizoongoza ni polipropilini, ambayo ndiyo salfeti ya mahindi, na PET, ambayo ndiyo poliesta. Kukutwa na chembe si kuugua, na wale wa kiwanda cha nailoni huenda walivuta nyingi kuliko fundi wa Kasulu. Lakini wao walikuwa kundi moja chini ya paa moja, daktari akaweza kuwahesabu.

Jioni fundi hufagia masalio, akayashindilia kwenye salfeti kuukuu. Mshona mito huja kuyachukua.