Askofu Mpenda Safari na Mlango wa Mashariki

Askari aliyepata kupangiwa zamu ya mpakani, Busia au Malaba, huona kila siku wasafiri wa namna mbili. Wako waendao kwa haja: madereva wa malori, wachuuzi, wagonjwa, jamaa waendao msibani. Na wako waendao kwa kutembea tu, watalii wenye mikoba mgongoni, waulizao njia ya kuupanda mwamba wa Tororo ili waitazame nchi kutoka juu. Hawa wa pili ndio wamfikirishao askari. Mtu asemaye kwamba hana shughuli yoyote ila kutazama, je, asadikiwe?

Swali hilo ni la kale kuliko mpaka wenyewe. Mnamo Oktoba 1885 alipita pande hizi Mwingereza mmoja aliyependa mno kusafiri, kutazama na kuandika aliyoyaona, na walinzi wa nchi wa siku zile hawakumsadiki. Jina lake ni James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Wengi wetu tumemsikia kanisani au shuleni kama shahidi wa dini. Sisi leo twapenda kumtazama kama msafiri, kwani kwa maoni yetu kifo chake hakieleweki vema pasipo kuzijua safari zake.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 huko Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri mwenye duka kubwa mjini Brighton. Kijana alitiwa katika ofisi ya hesabu za baba yake, lakini moyo wake haukukaa humo; ulikuwa baharini, katika mashua ya tanga, na katika matembezi ya nchi za mbali. Alikuwa mtundu tangu utotoni. Siku moja alitaka kuwaangamiza nyigu kwa baruti aliyoitengeneza mwenyewe, ikamlipukia na kumkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. (Askari wa mizinga watacheka, kwani baadaye alipewa uofisa katika kikosi cha mizinga cha askari wa kujitolea wa Sussex!)

Hata alipokwisha kupewa ushemasi, mwaka 1874, hakuacha michezo hiyo. Huko Martinhoe, pwani ya Devon, alitambaa katika mapango ya majabali yapigwayo na bahari. Mara moja alikwama katika tundu la mwamba na huku maji yanajaa. Alivua nguo zake, akapenya, akaokoka. Akachonga na wenzake njia ya kuteremkia katika majabali yale, na njia hiyo ingali inaitwa kwa jina lake.

Kilichomgeuza ni habari ya kisiwani. Desemba 1877, katika kisiwa cha Ukerewe cha Ziwa Viktoria, waliuawa Luteni Shergold Smith, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, na mwenziwe O'Neill, wote wawili wa misheni. Hannington alijitolea kuja kujaza nafasi. Alifika Unguja Juni 1882, akaifuata njia ya kusini, ile ya misafara, kupitia Mpwapwa hadi ng'ambo ya kusini ya ziwa. Homa na kuhara damu vilimwangusha, akabebwa katika machela, akarudi kwao mwaka 1883 akiwa gofu la mtu. La kushangaza ni kwamba safari hiyo ya mateso aliiandika kwa ucheshi, katika barua kwa vijana wa jamaa yake, na picha za mzaha alizozichora mwenyewe. Barua zile zikawa kitabu.

Alifanywa askofu Juni 1884, na Januari 1885 akafika Mombasa. Hapo ndipo alipolifanya shauri lililomponza. Njia ya kusini ilikuwa ndefu, yenye homa na hongo nyingi. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, alikuwa amekwisha pita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883 na kufika karibu na ziwa akiwa hai. Njia hiyo ilikuwa fupi, yenye baridi na nyanda za kupendeza. Kwa msafiri kama Hannington, njia mpya ni kama asali kwa nyuki. Mnamo Julai 1885 aliondoka Rabai na wapagazi wapatao 200, pamoja na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa Nasik, India, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amempa ushemasi mwaka ule ule. Ziwa Bogoria walilolipitia njiani liliitwa kwa miaka mingi Ziwa Hannington.

Walifika salama Kwa Sundu, mji ambao leo ni Mumias. Askofu akamwacha Jones hapo na wengi wa wapagazi, akatwaa watu 50, akashika njia ya magharibi, katika nchi ambayo leo imegawanywa na mpaka wa Busia.

Ndugu msomaji, hapakuwa na nguzo ya mpaka wala kizuizi cha barabarani. Mpaka huu uliwekwa pande hizi mwaka 1902, jimbo la mashariki la Uganda lilipohamishiwa upande wa Kenya. Lakini mlango ulikuwapo. Huko Buganda watu walikuwa na neno la zamani kwamba atakayeila nchi atatoka mashariki. Kabaka Mwanga, kijana aliyetawazwa mwaka 1884, alikuwa amesikia vilevile kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi za pwani. Wageni walitakiwa wavuke ziwa kutoka kusini, waonekane, wangoje ruhusa. Wamisionari waliokuwako Buganda walijua hatari hiyo, wakaandika barua ya kumwonya mkuu wao, haikumfikia.

Hannington aliingia Busoga, katika nchi ya chifu Luba, aliyekuwa chini ya Mwanga. Tarehe 21 Oktoba alitoka kwenda kilimani, apate kuuona mto Nile. Hapo juu, akitazama, watu wapatao ishirini walimrukia, wakamburuta, wakamfunga. Aliwekwa siku nane katika kibanda chenye wadudu na uvundo, homa ikimtetemesha, wajumbe wakienda na kurudi kwa Kabaka. Daftari lake hakunyang'anywa. Aliandika kila siku, hata siku ya mwisho, 29 Oktoba 1885, alipoandika habari ya fisi aliyelia karibu naye usiku. Siku hiyo aliuawa, na karibu wapagazi wake wote 50. Majina ya wapagazi hao hayasomwi popote. Kalenda ya kanisa huwataja kwa neno moja, wenziwe. Nao hawakwenda kutazama Nile. Walikwenda kwa ujira na kwa amri.

Joseph Mukasa, mtumishi mkubwa wa ikulu, alimlaumu Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Jones alingoja Kwa Sundu hadi Desemba, kisha akawarudisha watu wake pwani. Waliingia Rabai tarehe 4 Februari 1886, bendera ya buluu mbele, yenye neno moja la Biblia, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Daftari lilinunuliwa na Mkristo mmoja wa Buganda kutoka kwa mmoja wa wale wauaji, likafika London, likapigwa chapa mwaka 1888. Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mahali alipouawa ni Kyando, wilayani Mayuge. Askari wa Busia mwenye likizo aweza kufika huko kwa barabara ya Lumino, na kila tarehe 29 Oktoba atawakuta mahujaji.