Namna Uvimbe wa Saratani Unavyojipatia Damu

Mtu akijikata kwa kisu jikoni, kidonda huanza kufunga baada ya siku chache. Mishipa midogo ya damu huchipuka mahali palipoumia na kupeleka oksijeni na lishe kwenye ngozi inayojijenga upya. Kazi hiyo huongozwa na protini inayojulikana kwa kifupi kama VEGF. Ni protini hiyo hiyo ambayo saratani huitumia ili ikue.

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando mwembamba wa seli. Juu ya seli hizo kuna vipokezi, mfano wa kufuli zinazosubiri ufunguo. Sehemu ya mwili ikikosa oksijeni ya kutosha, hutoa VEGF. Protini hiyo hufika kwenye mshipa ulio karibu, hushikamana na vipokezi, na seli huanza kugawanyika na kusogea kuelekea inakotoka. Hivyo ndivyo mshipa mpya unavyochipuka. Kidonda kikipona, protini hupungua na kazi hiyo husimama.

Kwenye saratani kazi hiyo haisimami. Mwaka 1971, daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe usio na mishipa yake ya damu hubaki wa milimita chache tu. Seli zake za ndani zinapokosa oksijeni, hutoa VEGF kwa wingi na kuvuta mishipa kutoka sehemu zenye afya. Uvimbe hupata lishe na kukua. Tena mishipa hiyo huwa dhaifu na yenye kuvuja, hivyo seli za saratani huweza kupenya na kusafiri na damu hadi kwenye mapafu, ini au mifupa.

Dawa iitwayo bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, huikamata VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi. Hutumika pamoja na dawa nyingine za saratani. Kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, imeonekana kurefusha maisha kwa miezi kadhaa, lakini kwa kawaida haiponyi. Pia huweza kupandisha shinikizo la damu, kusababisha kutokwa na damu na kuchelewesha vidonda kupona. Mgonjwa anayeitumia anapaswa kumwarifu daktari kabla ya upasuaji wowote, hata kung'olewa jino.

Ndiyo maana kugundua ugonjwa mapema kuna faida kubwa kuliko dawa yoyote ya baadaye. Mabadiliko kwenye mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, na yakionekana mapema huweza kutibiwa kliniki na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kwenda kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu hata kama hawahisi maumivu. Wazazi nao wanahimizwa kuwapeleka wasichana wa miaka 10 hadi 14 wapate chanjo ya HPV. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, asingoje: amwone mhudumu wa afya mara moja.