Si Kila Donge la Titi ni Saratani

Mwanamke aonapo donge katika titi lake, aghalabu huingiwa na hofu kubwa. Wako wanyamazao kwa haya, na wako wadhanio ya kuwa wamerogwa, wakapoteza miezi mingi kwa waganga. Yafaa basi watu wote, wake kwa waume, wajue mambo mawili: kwanza, madonge mengi ya titi si saratani, pili, hakuna awezaye kuyapambanua kwa macho na vidole tu.

Ndani ya titi mna vifuko vitengenezavyo maziwa, mirija iyapelekayo kwenye chuchu, mafuta, na nyuzinyuzi zishikazo vyote hivyo pamoja. Sehemu hizi hutii homoni, yaani vitu vitokavyo katika tezi na kuchukuliwa na damu mwilini. Homoni mbili zilizo kuu ni estrojeni na projesteroni. Hizo ndizo zikuzazo matiti ya msichana abalehepo, na ndizo ziyatayarishazo kwa maziwa wakati wa mimba.

Pengine sehemu moja ya titi huitikia homoni hizo kupita kiasi. Mfano mmoja usio wa kawaida ulielezwa mwaka 1986 na madaktari wa Marekani. Nyuzinyuzi za titi huongezeka mpaka zikafanya donge, ambalo mara nyingi haliumi, na ambalo husogea likiguswa. Chini ya darubini huonekana mianya myembamba iliyofanana na mishipa ya damu, ingawa siyo. Na mpimaji asipoangalia sana huweza kudhani ni saratani ya mishipa hiyo.

Mbona homoni zashukiwa? Kwa sababu donge hili huwapata hasa wanawake ambao hedhi yao haijakoma, na wazee watumiao dawa za homoni. Tena chembe zake mara nyingi huwa na vipokezi vya projesteroni. Hata hivyo, jambo hili bado halijathibitika kabisa.

Mfano wa pili ni donge litokealo wakati wa mimba au wa kunyonyesha, vifuko vya maziwa vinapoongezeka mno mahali pamoja. Mara nyingi hilo hupungua lenyewe mtoto akiisha kuachishwa ziwa.

Madonge haya hayaui. Daktari huyapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha huchukua kipande kidogo kwa sindano kikatazamwe kwa darubini. Akiisha kuhakikisha, huweza kuliacha donge na kuliangalia mara kwa mara, au kulitoa likiwa linakua. Lile la nyuzinyuzi pengine hurudi hata baada ya kutolewa.

Lakini habari hizi njema zisimfanye mtu alale. Saratani ya matiti ni miongoni mwa saratani ziwapatazo wanawake wengi zaidi katika Kenya, nayo mwanzoni huweza kuwa donge dogo lisiloumiza. Basi aonaye donge jipya, au ngozi ya titi iliyobonyea, au chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, na aende hospitali upesi, hata akiwa ananyonyesha. Na mume asimzuie mkewe. Ikiwa si saratani, atarudi nyumbani na moyo mtulivu. Na ikiwa ndiyo, matibabu yaanzayo mapema ndiyo yenye matumaini zaidi.