Mama Baji hataki umbeya: Yaliyonikuta Katonga na makinda matano

UKIINGIA Katonga asubuhi, kabla jua halijakolea, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya dagaa. Wameanikwa mchangani, kina mama wanawageuza, na mwewe wanazunguka juu kama matrafiki wanaosubiri kosa. Kitu cha pili ni mngurumo wa mashine za boti zinazorudi kutoka ziwani. Halafu, ukikata uchochoro mmoja hivi, kuna kelele ya tatu ambayo majirani waliichukulia kwa miezi kuwa ni redio mbovu.

Hiyo kelele ni ya kwangu, jamani. Ni baji.

Nawaita baji kwa kifupi. Jina lao zima la kigeni ni refu kama treni ya mizigo, nawe una mambo mengine ya kufanya. Ni kasuku wadogo wa Australia, uzito wao gramu 30 mpaka 40 hivi. Wale wa porini kwao ni kijani na njano, wenye mistari myeusi mgongoni kama wamevaa fulana ya mpira. Mwingereza mmoja, John Gould, ndiye aliyewapeleka Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa vizimbani mpaka wametoka wa bluu, weupe, wa njano tupu na wa kijivu. Wangu nilipanda nao treni kutoka Dar, siku mbili nzima, kizimba kimefunikwa kanga, na kila kituo abiria wananiuliza kama ni vifaranga.

Bibi yangu alipowaona mara ya kwanza aliwaangalia sana.

"Mjukuu wangu, hawa wanaliwa?"

"Hawaliwi, bibi."

"Mayai je, wanataga ya kukaanga?"

"Yai lenyewe limezidi karanga kidogo tu, bibi."

"Basi umeniletea wapangaji wasiolipa kodi."

Kabla sijaendelea, niseme neno na washikaji wanaonifuata kila wiki na dili zao. Mmoja anasema atanipatia cherero, wale kasuku wadogo wenye kichwa cha rangi ya chungwa. Mwingine ananong'ona habari za kasuku wa kijivu kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wote nawajibu hapana, na wala si kwa ustaarabu wangu. Cherero ni ndege wetu kabisa, wa upande wa kusini mwa Ziwa Victoria mpaka Serengeti. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa maelfu na kusafirishwa kwenda kuuzwa nje mpaka wakapungua vibaya. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa ndege wa porini mwaka 2005, na mwaka 2016 Serikali yetu nayo ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo wa 2016, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu aliingizwa kwenye orodha ya juu kabisa ya viumbe wasioruhusiwa kufanyiwa biashara wakitolewa porini. Ukimkamata ndege wa porini bila kibali, hilo ni kosa la jinai. Baji amezaliwa kizimbani, mama yake kizimbani, bibi yake kizimbani. Hakuna msitu uliopungukiwa.

Tuje kwenye kasheshe yenyewe.

UZAZI WA KWANZA: AIBU TUPU

Wapo watu wananunua baji wawili, wanakaa mwaka mzima wakisubiri mayai, kumbe wamefuga madume matupu. Angalia ule unyama wa juu ya mdomo, palipo na matundu ya pua. Kwa ndege mkubwa, dume anao wa bluu, jike ana wa kahawia au weupe uliofifia. Akikaribia kutaga, wa jike unakuwa wa kahawia iliyokolea na kukwaruka. Makinda wote wana wa waridi au zambarau, kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba kinda wa wiki sita ni jike anabahatisha tu. Na usiwape kiota kabla hawajafikisha kama mwaka mmoja. Jike mchanga yai linaweza kumkwama, na likimkwama hiyo ni safari.

Wangu walikuwa wa umri sawa. Mjinga nilikuwa mimi. Niliwatengenezea kiota cha majani makavu kama cha kuku, kwenye kopo. Jike akayatoa yote, jani moja baada ya jingine, huku ananiangalia. Baji hajengi. Kwao porini anataga ndani ya tundu la mti, juu ya mbao tupu. Anachotaka ni kisanduku cha mbao chenye giza, tundu la kuingilia la sentimeta 4 au 5, na ndani, kwenye sakafu, kibonde kilichochongwa kama sahani ili mayai yasibingirike. Hicho kibonde usikipuuze. Kinda anayekulia juu ya ubao laini ulio tambarare miguu inamtanuka pande mbili kama chura, na mara nyingi hairudi.

Fundi wa mitumbwi alinichongea kisanduku kwa nusu saa, akacheka saa nzima.

Jike akaingia, akataga. Yai moja, siku moja anapumzika, jingine. Yalipofika matano nikawa sishikiki. Kila saa nafungua kifuniko, namulika tochi, naita washikaji waje waone. Jike akatoka, akarudi, akatoka. Ukweli ni kwamba jike wa baji ndiye anayeatamia peke yake. Dume kazi yake ni kumletea chakula mlangoni. Ukimfukuza kwa umbeya wako, mayai yanapoa. Yaliyoanguliwa yalikuwa mawili tu, na hao wawili niliwakuta asubuhi ya siku ya nne wamejaa sisimizi. Sisimizi walikuwa wamefuata harufu ya dagaa iliyoanikwa nyuma ya nyumba, wakapanda mguu wa meza, wakakuta nyama laini zaidi.

Sikumwambia mtu. Nilichimba kishimo nyuma ya nyumba nikawafukia, bibi akaniona, akanyamaza. Kwa bibi yangu kunyamaza ni jambo kubwa sana.

NILIVYOJIPANGA UPYA

Niliwaacha wapumzike miezi mitatu. Meza niliyoweka kizimba nikaitumbukiza miguu yake kwenye makopo manne ya maji yenye mafuta kidogo. Sisimizi wakakoma. Kizimba nikakihamishia chumba cha mbele, mbali na jiko. Hapa kwetu moshi ni mwingi, wa mkaa na wa kukausha migebuka, na mapafu ya ndege hayavumilii. Kama kwenu mnatumia vikaango visivyogandisha, jua kuwa kikaango hicho kikiungua kinatoa hewa inayoua ndege ndani ya dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Chakula nilikuwa nawapa uwele na ulezi mtupu. Kwa ndege asiyezaa hiyo inamsogeza, lakini jike anayetaga anahitaji zaidi. Nikaanza kuwapa mchicha uliooshwa, karoti iliyoparuzwa, na yai la kuku lililochemshwa na kupondwa. Maganda ya yai nayachemsha, nayakausha, nayasaga, maana bila chokaa mayai yanatoka laini na mwili wa mama unachakaa. Parachichi, ambayo hapa Kigoma tunakula kama mkate, ni sumu kwa baji. Chokoleti na chumvi navyo usijaribu.

Tatizo jingine ni mshiko. Hapa Katonga hela inatembea na mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga, na mtaa mzima unakuwa mkavu. Nikajifunza kununua uwele wa wiki tatu kabisa wakati mambo ni mazuri.

Jike akataga tena mayai matano. Safari hii nilikagua mara moja kwa siku, jioni, yeye akiwa ametoka kula, dakika moja tu. Baada ya wiki moja ukimulika yai kwa tochi unaona mishipa myekundu kama ramani ya mito. Yote matano yalikuwa na mishipa.

MTOTO WA MWISHO

Yai la baji linachukua kama siku 18. Kwa sababu mama anaanza kuatamia mapema, na mayai yametagwa siku moja baada ya nyingine kupita, makinda hayatoki pamoja kama vifaranga vya kuku. Wa kwanza akitoka leo, wa tano anatoka siku nane baadaye. Piga hesabu mwenyewe. Kinda anaanguliwa akiwa na gramu 2 hivi, kipofu, uchi, shingo haiwezi kubeba kichwa. Wakati huo kaka yake mkubwa anakaribia kufumbua macho, amenenepa, anapiga kelele, na analala popote anapotaka, hata juu ya mdogo wake.

Siku za kwanza mama anamlaza kinda chali na kumtilia mdomoni uji laini unaotoka ndani ya mwili wake. Wewe kazi yako ni kuangalia gole, kile kifuko cha chakula pale shingoni. Ngozi yake ni nyembamba, chakula unakiona kwa nje. Kikiwa kimetuna, shukuru na ufunge kifuniko.

Siku ya pili ya yule wa tano gole lilikuwa limesinyaa. Nikamgusa, wa baridi. Ilikuwa saa tatu usiku, mvua imeshika, umeme umekatika.

Nilimpasha joto kwanza, ndani ya viganja, karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Kumlisha ndege aliyepoa ni kumuua, chakula hakisagiki. Kisha uji mwepesi sana wa ulezi na kiini cha yai, bila maziwa ya ng'ombe, maana tumbo la ndege haliyawezi. Joto la uji liwe kama la mwili wake, nyuzi 39 hivi. Ukizidisha unamchoma gole, ukipoza haliendi. Tone moja pembeni ya mdomo kwa kijiko cha chai kilichokunjwa kingo, ameze, tone jingine. Ukiharakisha linaingia kwenye mapafu. Siyo chakula kamili, na kama duka la mifugo la karibu yako lina unga maalumu wa makinda ya kasuku, nunua huo. Mimi usiku ule nilikuwa na ulezi wa bibi.

Kila saa mbili, mpaka kukakucha. Katikati ya kulisha namrudisha chini ya mama yake, maana joto la mama hakuna chupa inayoliweza. Kwenye saa tisa nilipitiwa na usingizi. Niliamka nikamkuta bibi ameshika kijiko, miwani puani, anamsemesha kinda kwa Kiha.

Tulimsaidia hivyo siku sita. Siku ya saba nikakuta gole limejaa na sikuwa nimemlisha mimi. Mama yake alikuwa amemkumbuka, au pengine yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kulia kwa sauti inayosikika.

Wanne wakubwa walitoka kisandukuni wakiwa na siku 32 mpaka 35, dume akaendelea kuwalisha kama wiki mbili mpaka wakajua kumenya uwele wenyewe. Nilipoona jike anaanza kuwanyonyoa manyoya ili wampishe ataga tena, nikatoa kisanduku. Uzazi mara mbili kwa mwaka unamtosha, hata kama wateja wanagonga mlango. Na wanagonga kweli, hasa vijana wa Mwanga wanaotaka wa bluu. Nawaambia ukweli: ukipandisha bluu kwa bluu utapata bluu, lakini kijani kwa bluu mara nyingi watoto wote wanatoka kijani, na bluu inajificha mpaka kwa wajukuu. Nawaambia pia wanawe mikono baada ya kusafisha kizimba na wasipulize vumbi la kinyesi, kwa sababu kuna homa ya kasuku inayompata binadamu kifuani. Ukikohoa sana na una ndege nyumbani, mtajie daktari.

Wanne wameshauzwa. Wa tano alitoka kisandukuni siku ya 41, mdogo kuliko wote, kijani kama baba yake. Mshikaji mmoja alikuja na hela taslimu. Bibi akamwambia huyo hauzwi, ana deni la ulezi.