AfD: Ahadi za Chama cha Mrengo wa Kulia Ujerumani

AfD, chama kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 2013 kupinga misaada kwa nchi za euro zilizolemewa na madeni, kilishika nafasi ya pili katika uchaguzi wa Februari 2025 kwa asilimia 20.8 ya kura.

Kinataka wahamiaji wengi warudishwe makwao. Lakini Wajerumani wanazeeka, na miongoni mwa madaktari wa kigeni katika hospitali zao, Wasyria ndio wengi zaidi. Nani ataziba pengo lao, chama hakisemi kinagaubaga.

Ahadi za nishati ndizo zinazoyumba zaidi. Januari 2025, mjini Riesa, kiongozi mwenza Alice Weidel aliahidi kung'oa mitambo ya upepo, ambayo huipa nchi zaidi ya robo ya umeme wake. Gesi ya Urusi inayotamaniwa na chama ilipita hasa katika mabomba ya Nord Stream. Matatu kati ya manne yalilipuliwa Septemba 2022. Kurejea kwa vinu vya nyuklia? Vitatu vya mwisho vilizimwa Aprili 2023 na kazi ya kuvibomoa ilishaanza.

Kuhusu uchumi, chama kinataka kuachana na euro. Sarafu mpya ya Ujerumani huenda ikapanda thamani, na magari na mashine zake zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Zaidi ya nusu ya mauzo ya nje ya Ujerumani huenda Umoja wa Ulaya.